Dawa Ipi Isikatike? Mhadhara juu ya Stoo ya Kituo cha Afya cha Mjini

Ndugu wajumbe wa kamati za vituo, wauguzi, wafamasia, na ninyi wananchi wa kata ya Ngarenaro, Arusha, mnaokaa kwenye benchi mkisubiri kuitwa dirishani: jambo la leo ni stoo ya dawa. Ni chumba ambacho wengi wenu hamjawahi kuingia, na ndicho kinachoamua kama safari yenu ya kituoni itaisha kwa tiba au kwa kikaratasi cha kwenda kununua nje. Kituo cha afya katika kata yenye watu wengi kama hii hulazimika kuweka bidhaa za kila namna: vidonge vya homa, antibiotiki, glavu, pamba, nyuzi za kushonea, dripu, vitendanishi vya maabara, sindano za wajawazito. Fedha za kununulia vyote hivyo ni fungu moja, na fungu hilo ni dogo kuliko mahitaji. Kwa hiyo kila anayejaza fomu ya kuagiza anachagua, atake asitake. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi huo ufanywe kwa madaraja yanayojulikana, na kwamba maswali mawili ambayo huchanganywa yatenganishwe. Swali la kwanza: dawa hii tuiwekee akiba kubwa kiasi gani? Swali la pili: tuihesabu na kuiagiza mara ngapi? La kwanza hujibiwa na hatari ya dawa kukosekana, la pili hujibiwa na fedha. Stoo inayoyajibu yote mawili kwa kipimo kimoja hupata hasara mbili kwa mpigo: boksi za dawa zilizoisha muda, na kando yake shelfu tupu.

Zamani maswali haya hayakufika huku chini. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, zahanati na vituo vya afya nchini vilikuwa vikipokea makasha ya dawa yaliyofungwa tayari. Kasha la zahanati ya pwani yenye mbu na kasha la zahanati ya miteremko ya Mlima Meru yalibeba vitu vilevile. Mpango ule ulifikisha dawa kwa watu ambao hawakuwa wakizipata kwa uhakika, na haufai kubezwa. Udhaifu wake ni kwamba kasha halijui tofauti ya magonjwa. Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, na jiji lenyewe liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Dawa ya malaria ya kutosha kituo cha Kanda ya Ziwa ingelala hapa mpaka iishe muda, huku dawa za kifua zikimalizika mapema katika baridi ya Juni na Julai. Bohari ya Dawa, yaani MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na tangu katikati ya miaka ya 2000 vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kulingana na matumizi, mwanzoni kila baada ya miezi mitatu. Kisha ukaja mfumo wa kompyuta wa kutuma maombi. Mwaka 2014 Dodoma ikaanzisha mfumo wa mshitiri, uitwao Jazia, ambao baadaye ulienea katika mikoa mingine: MSD ikikosa dawa, kituo hununua kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Hatua kwa hatua, uamuzi uliokuwa ukifanyika Dar es Salaam umeshuka hadi kwenye kata. Hiyo ni heshima kwa kata, na ni mzigo pia, kwa sababu aliyepewa kuchagua sasa anawajibika kwa alichochagua.

Njia ya kwanza ya kupanga madaraja ilitoka viwandani. Mwishoni mwa karne ya 19 Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Kiitalia aliyekuwa akifundisha Lausanne, Uswisi, alichunguza mgawanyo wa kipato katika nchi mbalimbali akakuta kila mahali wachache wana fungu kubwa. Mwaka 1951 mhandisi H. Ford Dickie wa kampuni ya General Electric ya Marekani alionyesha kwamba ghala la kiwanda lina umbo hilohilo: aina chache za vipuri hula sehemu kubwa ya fedha, na aina nyingi sana hula kidogo. Akazigawa katika A, B na C. Ukifanya hesabu hiyo kwenye stoo ya dawa, kwa kuzidisha bei ya kila dawa na kiasi kilichotumika kwa mwaka kisha kuzipanga kuanzia juu kwenda chini, kwa kawaida utakuta asilimia 10 hadi 20 ya aina zimebeba asilimia 75 hadi 80 ya fedha yote. Hizo ni A. Za katikati ni B. Mkiani kuna C, ambazo ni zaidi ya nusu ya orodha nzima lakini kwa pamoja hazifikishi hata asilimia 10 ya fedha. Kazi hii haihitaji mashine. Leja iliyojazwa vizuri, bei za MSD na kikokotoo cha simu vinatosha kuimaliza kwa siku mbili.

Faida ya hesabu hii ni kubwa, na ionekane kwa mfano. Chukua dawa ya daraja A inayotumia shilingi milioni 12 kwa mwaka. Ukiagiza kila baada ya miezi mitatu, kila mara unanunua ya milioni 3, na kwa wastani nusu yake, milioni 1.5, imelala kwenye shelfu mwaka mzima. Ukiweza kuigawa iletwe kila mwezi, wastani unaolala unashuka hadi laki 5. Milioni moja imefunguka bila mgonjwa hata mmoja kupunguziwa dozi. Sasa fanya hivyohivyo kwa dawa ya daraja C inayotumia shilingi 120,000 kwa mwaka: utaokoa shilingi 10,000, na utakuwa umemsumbua mtunza stoo mara 12 badala ya 4. Kwa hiyo anayesema kila dawa ihesabiwe kila wiki anachosha watu bure, na anayesema zote ziagizwe kwa mzunguko mmoja analaza fedha bure. Ni kweli kwamba ratiba ya magari ya MSD kutoka Moshi haipangwi na kituo. Lakini dawa za A si nyingi, na kwa hizo chache jiji linaweza kupokea kwa pamoja na kugawa kwa mafungu kati ya vituo vyake, Ngarenaro, Kaloleni, Levolosi na vinginevyo.

Hapo ndipo uwezo wa hesabu ya Dickie unapoishia. Ghala la kiwanda likikosa kipuri, mashine husimama na kampuni hupoteza fedha, kwa hiyo fedha ni kipimo kinachotosha. Stoo ya kituo cha afya ina oksitosini, sindano inayozuia na kutibu kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Ina magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba. Ina adrenalini kwa anayepatwa na mzio mkali hadi pumzi kukata. Kwa bei na kwa matumizi, dawa hizi aghalabu huangukia C. Mfumo wa fedha peke yake unaziweka fungu moja na pamba, na unamwambia mtunza stoo asizisumbukie. Mama anayetoka damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa chache, na hakuna gari la mzigo linalokimbia kiasi hicho. Kwa sababu hiyo watu wa afya wakaongeza kipimo cha pili, kinachopanga dawa kwa uzito wa kazi yake: za kuokoa uhai, za lazima, na za ziada. Za kuokoa uhai ni zile ambazo kukosekana kwake kunaua au kunaleta ulemavu wa haraka. Za lazima hutibu magonjwa makubwa lakini zina nafasi ya kusubiri kidogo au zina mbadala. Za ziada ni za magonjwa yanayopona yenyewe, au zile ambazo faida yake haijathibitika kushinda gharama yake.

Vipimo hivyo viwili huwekwa pamoja kwenye jedwali lenye vyumba tisa, na utaratibu uliozoeleka huvikusanya vyumba hivyo katika makundi matatu ya uangalizi. Kundi la kwanza, linalopewa jicho kali kuliko yote, huchukua kila dawa ya daraja A na kila dawa ya kuokoa uhai. Kundi la pili ni za lazima zilizobaki, pamoja na za ziada za daraja B. Kundi la tatu ni za ziada za daraja C. Utaratibu huu umesaidia vituo vingi, lakini naona una kasoro inayohitaji kusemwa waziwazi. Katika kundi la kwanza, dawa ya ziada ya gharama kubwa imeketi na dawa ya kuokoa uhai ya bei ndogo. Zote mbili zinapewa jicho kali, ila sababu zake zinapingana. Ya kwanza tunaiangalia ili tununue kidogo, na pengine tuiache kabisa. Ya pili tunaiangalia ili isipungue hata siku moja. Mtunza stoo anayeambiwa tu kwamba zote mbili ni kundi la kwanza hajaambiwa cha kufanya. Daraja lenye manufaa ni lile linalotoa agizo: weka akiba hii, hesabu kila muda huu. Ndiyo maana nasema vipimo viwili vitumike kwa maswali mawili, kila kimoja kwenye nafasi yake, bila kuvikoroga kuwa namba moja.

Tuanze na swali la akiba, kwa sababu ndilo gumu. Hakuna akiba inayoleta uhakika wa asilimia mia. Kuna kiwango cha huduma, yaani nafasi kwamba dawa haitakatika kabla mzigo mpya haujafika, na kila kiwango kina bei yake. Tuseme kuna dawa ambayo matumizi yake katika kipindi cha kungoja mzigo hupanda na kushuka, na kupanda-kushuka huko, kwa kipimo cha wanatakwimu, ni boksi 100. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, ukitaka uhakika wa asilimia 90 utahitaji akiba ya tahadhari ya boksi kama 128. Asilimia 95 zinataka 165. Asilimia 99 zinataka 233, na asilimia 99.9 zinataka 309. Tazameni mwendo wa ngazi hiyo. Kutoka 90 hadi 95 umelipa boksi 37 kwa alama tano. Kutoka 99 hadi 99.9 umelipa boksi 76 na hukupata hata alama moja nzima. Kadiri unavyokaribia uhakika kamili, ndivyo kila hatua inavyozidi kuwa ghali. Mtu anayeamuru dawa zote ziwe na uhakika wa asilimia 99 ametumia fedha ambazo hana, na kwa kuwa hana, ngazi itavunjika mahali asipopachagua yeye.

Lakini hebu pitisha macho hayohayo kwenye dawa za kuokoa uhai zilizo katika daraja C. Ile ya shilingi 120,000 kwa mwaka, ukiiongezea akiba ya miezi mitatu kamili juu ya kiasi cha kawaida, umelaza shilingi 30,000. Ukiwa na dawa kumi za namna hiyo, umelaza laki 3. Ile moja ya daraja A, ya milioni 12 kwa mwaka, ingehitaji milioni 3 kwa akiba ya kipindi hichohicho. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwa hoja yangu, na unatokana na umbo lenyewe la orodha: kwa sehemu kubwa ya dawa zinazookoa maisha, uhakika wa karibu asilimia 100 ni wa bei nafuu. Kituo kinachokatikiwa na magnesiamu salfeti hakiwezi kusema kilishindwa na bei. Fedha ipo, ila ilikwenda kwingine kwa sababu hakuna aliyeitenga kwanza. Za kuokoa uhai za daraja C ziagizwe mara chache lakini kwa kiasi kikubwa, na agizo lake lijazwe kabla ya mstari mwingine wowote wa fomu. Oksitosini ina sharti lake: inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo akiba yake inapimwa na nafasi ya friji na uhakika wa umeme kabla ya kupimwa na fedha. Hilo ni sababu ya kuitunza friji, wala si sababu ya kupunguza akiba.

Kwa mazingira ya mjini naongeza kipimo cha tatu, ambacho miongozo haikisemi kwa sauti ya kutosha. Mgonjwa akikosa dawa dirishani, ataipata wapi, na kwa muda gani? Ngarenaro imezungukwa na famasi na maduka ya dawa muhimu. Kituo kikiishiwa parasetamo mchana, mgonjwa atavuka barabara atanunua. Hasara ipo, na inamwangukia asiye na kitu kuliko yeyote, lakini si kifo. Kituo kikiishiwa oksitosini saa tisa usiku, hakuna duka. Dawa moja inaweza kuwa na mbadala wa karibu hapa na isiwe nao kabisa wilayani Longido. Kwa hiyo orodha ya Ngarenaro haifai kunakiliwa kutoka Longido, wala Longido isinakili ya kwetu. Hata hivyo kipimo hiki kina hatari yake, na lazima kiwekewe mpaka. Mwenye kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii amekwisha kulipa. Ukimtuma dukani mara tatu mfululizo, mwaka ujao hatalipa, na atakuwa na haki. Ukaribu wa duka uwe sababu ya kushusha uhakika wa dawa ya lazima kutoka asilimia 98 hadi 95 pale fedha inapobana. Usiwe kisingizio cha kuiondoa kwenye shelfu.

Zimebaki zile zinazoumiza kichwa kweli, za kuokoa uhai na za gharama kubwa kwa pamoja, ambazo hutumika kwa nadra. Dawa ya sumu ya nyoka ni mfano ulio wazi. Kila kituo kikiweka akiba yake, nyingi itaisha muda bila kutumika, na kila kituo kikikataa kuiweka, mtu aliyeumwa na nyoka atazungushwa. Hapa takwimu zina msaada mkubwa. Vituo tisa vyenye mahitaji yasiyotabirika na yasiyofuatana, kila kimoja kikiweka akiba ya tahadhari ya chupa 10, vinashika chupa 90. Vikikubaliana kuiweka mahali pamoja, uhakika uleule hupatikana kwa chupa kama 30, kwa sababu kituo kimoja kikizidiwa na mahitaji, kingine huwa na mahitaji madogo. Mahali hapo panaweza kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, mradi kila mhudumu wa zamu ajue iko wapi na gari la wagonjwa liwepo. Njia hii haifai kwa kila kitu. Mama mwenye kifafa cha mimba hawezi kungoja gari, na magnesiamu salfeti ni rahisi, kwa hiyo kila kituo kiwe na yake. Kinachowekwa pamoja ni kile kilicho ghali, cha nadra, na kinachoruhusu muda wa safari.

Kuna pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu linatoka moyoni. Watu husema: kwa mgonjwa hakuna dawa ya daraja la tatu. Mzee mwenye fangasi za miguu anaumia kama anavyoumia mwingine, na kodi yake ni sawa na ya mwingine. Nani amempa mfamasia mamlaka ya kuandika kwamba shida yake ni ya ziada? Ninakubali sehemu kubwa ya neno hili. Madaraja hayapimi thamani ya watu, na siku yakianza kutumika dirishani kuamua nani ahudumiwe kwanza, yatakuwa yamegeuzwa dhuluma. Yanapima kitu kimoja tu, nini kitampata mtu iwapo dawa hiyo haitakuwepo kwa wiki mbili. Zaidi ya hapo, anayekataa madaraja hajaondoa upendeleo, ameuficha. Stoo isiyo na madaraja nayo inachagua: inachagua kwa mazoea, kwa mfano kuagiza kilichoagizwa robo iliyopita, au kwa sauti ya daktari anayelalamika zaidi, au kwa dawa ambazo MSD imebahatika kuwa nazo wiki hiyo. Yule mzee wa fangasi hapati dawa katika mfumo huo pia, ila hakuna karatasi anayoweza kuonyesha na kuuliza kwa nini. Kilichoandikwa kinaweza kupingwa kwenye kikao.

Pingamizi la pili husema tatizo ni fedha, na hesabu hizi ni anasa. Fedha kweli ni tatizo. Mwaka 2014 deni la Serikali kwa MSD lilifikia makumi ya mabilioni ya shilingi na likawa habari ya magazeti, na ghala lisilolipwa halina cha kugawa. Baadaye, kwa tangazo la Serikali, bajeti ya dawa ilipandishwa kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi kufika bilioni 270 miaka iliyofuata. Ongezeko hilo lilikuwa jema na la lazima. Lakini fungu lililokua karibu mara tisa halikufuta kikaratasi cha kununua nje, na hilo linatosha kuonyesha kwamba fedha ni sharti la kwanza wala si la mwisho. Kinyume chake ndicho kilicho kweli zaidi: fungu likiwa dogo, madaraja yanahitajika zaidi. Katika duka la biashara, gharama ya mtaji uliolala ni riba ya benki. Katika kituo cha afya, gharama yake ni dawa nyingine ambayo haikununuliwa. Shilingi iliyolala ndani ya boksi la antibiotiki ghali isiyotoka ndiyo glavu zinazokosekana wodi ya wazazi.

Wenye kusimamia mapato ya kituo wana pingamizi la upande wa pili, nalo ni la wakweli pia. Dawa za gharama ndizo zinazorudisha fedha, hasa kwa wagonjwa wa bima ya taifa, na fedha hiyo ndiyo inayonunua hizo zinazotolewa bure kwa wajawazito na watoto. Tukizibana za ziada za daraja A, tunaua ng'ombe wa maziwa. Jibu langu ni kwamba dawa ya namna hiyo ibaki, lakini ijilipie yenyewe. Inunuliwe kwa kiasi kidogo kupitia mshitiri, kwa mapato yake, iwekewe kiwango cha chini cha uhakika, asilimia 80 inatosha, na isiruhusiwe kugusa fungu la ruzuku. Zaidi ya hayo, fedha ya bima hailipwi siku mgonjwa anapoondoka na dawa. Kati ya dawa kutoka na madai kulipwa, kituo ndicho kinachokopesha. Kituo kilichokopesha mtaji wote kwenye dawa tano ghali kitafika katikati ya robo hakina fedha ya nyuzi za kushonea.

Wengine husema kompyuta imekwisha kumaliza kazi hii, kwa kuwa mfumo wa maombi unakokotoa wenyewe. Unakokotoa kutokana na matumizi yaliyoandikwa, na matumizi hudanganya pale dawa ilipokatika. Dawa iliyotoka vidonge 6,000 katika mwezi ambao ilikuwepo siku 20 tu haina mahitaji ya 6,000. Ina mahitaji ya 9,000, na anayeagiza 6,000 anapanga ikatike tena. Kosa hili hujilisha lenyewe: dawa iliyokatika huonekana haitumiki sana, huagizwa kidogo, hukatika mapema zaidi, na mwishowe kwenye hesabu ya daraja huteremka kutoka A hadi B kana kwamba watu wamepona. Kwa hiyo kabla ya madaraja yoyote, siku za kukatika ziandikwe kwenye leja na matumizi yasahihishwe kwa siku hizo. Mashine haitaliona hilo kama binadamu hakuliandika.

Madaraja yapangwe na nani? Mtunza stoo peke yake hapana, kwa kuwa ndiye atakayelaumiwa na atajikinga kwa kuweka kila kitu kwenye la juu. Kipimo cha fedha akifanye yeye na mhasibu. Kipimo cha uhai kifanywe na waganga, wakunga na mfamasia wakikaa pamoja, kwa kuongozwa na orodha ya taifa ya dawa muhimu, kisha kipelekwe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo ambako wananchi wana viti. Vipitiwe upya kila mwaka, na kabla ya Juni ili baridi isiwakute. Orodha ya za kuokoa uhai ibandikwe ukutani karibu na dirisha, na pembeni ya kila jina iandikwe kama leo ipo. Najua wapo wanaohofia kwamba watu wakiiona watagomba. Watagomba, na wana haki, na ugomvi unaoanza na jina la dawa na tarehe ni rahisi kuumaliza kuliko manung'uniko ya jumla. Hofu yangu iko kwingine: orodha hiyo itavimba. Kila idara itaona dawa yake ni ya kuokoa uhai, na orodha ikifika nusu ya stoo itakuwa haina maana tena, kwa kuwa hakuna fedha ya kuipa nusu ya stoo uhakika wa asilimia 99. Napendekeza kamati iweke ukomo wa idadi tangu kikao cha kwanza, tuseme dawa 20 kwa kituo cha ukubwa huu. Anayetaka kuingiza ya 21 alete jina la ile itakayotoka, au aonyeshe fedha itatoka wapi.